Risasi za mtutu mwembamba: kuchagua geji 20, 28 na .410 kwa kwale, kanga na visahani

Mtu akija kwangu na bunduki yake mpya ya geji 20 au 28, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Mzee, hii inafika wapi?" Namjibu kwamba marisau yatafika mbali kuliko anavyodhani, ila yatafika yametawanyika. Ndege aliyeguswa na marisau mawili hadondoki. Anaruka na maumivu yake, anakwenda kufia kichakani ambako hata mbwa hampati. Linalofaa kuulizwa ni hili: mpaka umbali gani marisau bado yanafika kwa wingi, yamesongamana, kwale akakosa pa kupenyea? Jibu lake halikuandikwa kwenye boksi la risasi. Utalisoma kwenye karatasi utakayoipiga wewe mwenyewe, kwa bunduki yako.

Tuelewane maneno kwanza. Hapa Uganda wengi waliowahi kushika bunduki walijifunza kuitaja kwa Kiswahili, kwa kuwa jeshi na polisi ndiyo lugha yao ya kazi. Mtutu, kitako, kulenga: hayo hayana shida. Lakini bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, inahitaji uangalifu zaidi. Katika mwongozo huu "risasi" ni kitu kizima unachokitia chemba: ganda, fataki ya kuwasha, baruti, kizibo, na marisau juu yake. "Marisau" ni zile punje. Na kwa kuwa metali nayo tunaiita risasi, hiyo nitaiandika "madini ya risasi".

Kabla ya kununua hata boksi moja

Sheria ya Silaha ya 1970 inahesabu risasi kama inavyohesabu bunduki: huruhusiwi kununua wala kukaa nazo bila cheti cha polisi. Rafiki yako mwenye cheti hawezi kukuachia boksi "mpaka wiki ijayo". Uwindaji nao uko chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2019, na anayetoa ruhusa ni UWA, Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Ulirudishwa kwa majaribio mwaka 2001 katika ardhi za wafugaji zinazopakana na Hifadhi ya Ziwa Mburo. Kibali chako ndicho kinachosema ndege gani, wangapi, wapi na lini. Kisome chote, kisha ongea na mwenye shamba, hata kama karatasi zako zimekamilika.

Wajue ndege kabla ya kujua risasi. Kwale si mmoja. Yule kwale wa Nahan wa misitu ya Budongo, Bugoma na Mabira yuko hatarini kutoweka, na kumpoteza hata mmoja ni hasara ambayo hakuna faini inayoifidia. Ukiwa na shaka juu ya ndege aliyeruka, mwache aende.

Hatua ya kwanza: soma mtutu wako

Geji ni hesabu ya zamani. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 454, uigawe mipira 20 iliyo sawa. Mpira mmoja ndio unaoenea mtutu wa geji 20. Ndiyo maana namba ikipanda mtutu unapungua. Geji 12 ina upana wa milimita 18.5, geji 20 ni 15.6, na geji 28 ni 14. Hiyo .410 haimo kwenye hesabu ya geji. Ni upana wake kwa inchi, sawa na milimita 10.4. Tungeihesabu kwa geji ingekuwa karibu 67.

Geuza bunduki ikiwa tupu, utazame maandishi ubavuni mwa mtutu au chini yake unapoukunja. Bunduki za Ulaya huandikwa 20/70 au 20/76: namba ya pili ni urefu wa chemba kwa milimita. Za Marekani na Uingereza huandikwa kwa inchi: 2¾ ni sawa na milimita 70, 3 ni sawa na 76. Kwa .410 utakuta 2½ au 3. Bunduki za kurithi, hasa za Kiingereza, zinaweza kuwa na chemba fupi ya inchi 2½, nazo zipelekwe kwa fundi wa silaha aipime chemba na kukagua kuta za mtutu kabla hujafyatua chochote.

Hapa pana mtego ambao umewanasa hata wazoefu. Urefu ulioandikwa kwenye risasi ni urefu wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo wake umefunguka. Risasi ya milimita 76 ambayo haijapigwa ni fupi kuliko hapo, kwa hiyo inaweza kuingia vizuri tu kwenye chemba ya 70 na bunduki ikafunga bila kulalamika. Ukivuta, mdomo wa ganda unafungukia pale chemba inapoanza kubana, njia inasinyaa, na shinikizo linapanda kupita kiasi. Kwamba imeingia si ushahidi kwamba inafaa.

Hatua ya pili: geji moja, mfuko mmoja, siku moja

Ungenilazimisha nibakize sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningebakiza hii.

Risasi ya geji 20 ikitiwa kwenye bunduki ya geji 12 haikai. Ukingo wake ni mdogo, chemba haiushiki, inateleza mbele na kunasa mwanzoni mwa mtutu, mahali ambapo jicho halifiki ukitazama chemba kwa haraka. Mpigaji anavuta, anasikia "ta", hakuna mlipuko. Anafungua, anaona chemba tupu, anadhani alisahau kujaza. Anatia risasi ya 12, inaingia vizuri kabisa. Akivuta tena, marisau na moto wa ya pili vinaigonga ile iliyonasa, na mtutu unapasuka pale pale mkono wake wa mbele ulipoushika. Geji 28 kwenye bunduki ya geji 20 hufanya vivyo hivyo.

Kwa sababu hiyo watengenezaji wa Marekani waliafikiana kuwa ganda la geji 20 liwe la njano. Ni alama nzuri, lakini usiitegemee peke yake. Risasi kutoka nchi nyingine huja kwa rangi nyingine, na jioni yenye mawingu rangi hudanganya. Mimi niliwahi kuvaa fulana ya kuwindia niliyoivaa mwezi mmoja kabla, nikiwa na geji 12, na katika mfuko wa ndani vidole vikakuta risasi mbili za njano zilizobaki kutoka siku nyingine. Hazikuleta madhara. Nilikaa chini ya mti nikitetemeka, maana mfuko ule ndio ninaouchovya mkono bila kutazama.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni huu, nami nausimamia kwa kila ninayetoka naye. Siku ya geji 20, geji nyingine zote zinabaki kwenye kabati lenye kufuli, si kwenye gari. Mifuko yote inageuzwa nje kabla ya kutoka nyumbani. Kila risasi inasomwa namba kwenye kitako chake cha shaba kabla ya kuingia chemba. Na ukivuta isilie, mdomo wa mtutu ubaki upande salama, hesabu polepole mpaka 30, fungua, toa, kisha tazama ndani ya mtutu wote mpaka uone mwanga upande wa pili. Ukisikia mlio hafifu, "puf" badala ya mlio kamili, simama hapo hapo: huenda kizibo kimebaki ndani. Usipige nyingine kabla ya kuona mwanga.

Hatua ya tatu: uzito kwanza, ukubwa wa punje baadaye

Mtutu mwembamba hubeba punje chache. Huo ndio ukweli wake, na maneno ya kasi yaliyoandikwa kwenye boksi hayaubadilishi. Risasi za kawaida za geji 20 hubeba gramu 24 hadi 28. Geji 28 hubeba 21. Ile .410 ya inchi 2½ hubeba 14, na ya inchi 3 hubeba takriban 19. Kasi ya zote inapotoka mtutuni ni karibu mita 365 kwa sekunde, zingine zaidi kidogo, na ndege hatatambua tofauti.

Usinunue kwa namba ya marisau. Nunua kwa milimita. Namba 6 ya Marekani ni milimita 2.8, namba 6 ya Uingereza ni 2.6. Maduka yetu hupokea shehena kutoka nchi mbalimbali, na mtu anaweza kuomba "namba 6" mara mbili akaondoka na vitu viwili tofauti. Boksi zuri limeandikwa milimita ubavuni.

Kwa madini ya risasi, gramu moja ina punje takriban 14 za milimita 2.3, au 12 za 2.4, au 8 za 2.8, au 6 za milimita 3. Zidisha kwa uzito upate jumla. Geji 28 yenye gramu 21 za milimita 2.4 ina punje 260 hivi. Ile .410 fupi, kwa punje hizo hizo, ina kama 170. Geji 20 yenye gramu 28 za milimita 2.8 ina karibu 220. Hesabu hii iandike ndani ya kifuniko cha boksi, tutaihitaji tukifika kwenye karatasi.

Chaguo langu ni hili. Kwale na njiwa: milimita 2.4, kwa geji 20 au 28. Kanga: 2.8, kwa geji 20 yenye gramu 28, maana kanga ni ndege wa zaidi ya kilo moja, manyoya yake ni mazito, na hupenda kukimbia kabla ya kuruka, ukaishia kumpiga kwa nyuma ambako mfupa na nyama vinakinga moyo. Kanga kwa .410 simshauri mtu. Najua wapo wanaofanya, lakini wanahesabu waliodondoka tu, hawahesabu waliokwenda.

Wengi humpa mtoto au anayeanza .410 kwa kuwa haisukumi bega. Nia ni njema, lakini wanampa bunduki ngumu kuliko zote kuipatia shabaha. Mpe geji 20 yenye risasi ya gramu 24 au chini yake. Bega litavumilia, na atapata kugusa kitu siku ya kwanza.

Kwenye kingo za maji mambo hubadilika. Uganda iliingia Mkataba wa Ramsar mwaka 1988, Ziwa George likiwa eneo lake la kwanza, na mfumo wa mabwawa ya Mburo na Nakivali ukaorodheshwa 2006. Ndege wa maji humeza punje za madini ya risasi wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula, wanakufa kwa sumu polepole. Karibu na maji tumia marisau ya chuma au ya bismathi, na ukikosa, usipige hapo. Chuma ni chepesi, kwa hiyo chukua punje kubwa zaidi kwa namba mbili, yaani namba ishuke, maana namba ndogo ndiyo punje kubwa. Ni kigumu pia: usikitie kwenye mtutu wa zamani au wenye choki kali, yaani uliobanwa sana mdomoni, bila fundi kukuhakikishia. Bismathi ni laini zaidi, hufaa bunduki nyingi za zamani, ila bei yake itakuuma.

Hatua ya nne: karatasi

Choki ni ule mbano wa mwisho wa mtutu unaoamua marisau yasambae haraka au polepole. Vitabu husema kwamba kwa yadi 40, yaani mita 36 na nusu, mtutu usio na mbano huweka asilimia 40 ya punje ndani ya duara la upana wa sentimita 76, mbano mdogo 50, wa kati 60, na mbano kamili 70. Hiyo ni desturi ya vitabu. Mtutu wako na boksi lako vina tabia yao, na bunduki mbili za kiwanda kimoja zinaweza kupenda risasi tofauti.

Huhitaji vifaa vya kununua. Mifuko ya saruji ya kilo 50 iliyopasuliwa na kugeuzwa, ikagandishwa kwa uji mzito wa muhogo, inatoa karatasi ya mita moja na robo kila upande. Ipigilie kwenye fremu ya miti mbele ya tuta refu la udongo. Chora nukta katikati. Pima umbali kwa futi kamba, usihesabu hatua, maana hatua za mtu aliyechoka si hatua za asubuhi.

Anza mita 20 kwa .410, mita 25 kwa 28, mita 30 kwa 20. Piga risasi moja kwa karatasi moja, ukilenga nukta kama unavyolenga ndege, bila kuegemea. Rudia karatasi tano kwa kila aina ya risasi. Tano ni nyingi na risasi ni ghali, lakini karatasi moja hudanganya. Nimeona risasi ile ile ikitoa picha nzuri mara ya kwanza na matundu matupu mara ya pili.

Kisha kaa kivulini na kamba ya sentimita 38 iliyofungwa kalamu. Tafuta mahali punje zilipobanana zaidi, hata kama si kwenye nukta, uchore duara. Hesabu matundu yaliyo ndani, ukiweka alama kila tundu ili usilirudie. Linganisha na jumla uliyoiandika kwenye kifuniko. Ninachotaka mimi ni punje 130 ndani ya duara kwa kwale, na 110 zile kubwa kwa kanga. Geji 28 yenye punje 260 inatimiza ikileta nusu yake. Ile .410 fupi lazima ilete robo tatu, ndiyo maana baada ya mita 20 na ushei inaanza kukuaibisha.

Hesabu peke yake haitoshi. Chukua kisosi cha chai, ukitembeze juu ya karatasi ndani ya duara. Kila mahali kinapolala bila kugusa punje hata nne, hapo kwale angepita. Visosi vingi vya namna hiyo vikionekana, umbali huo si wako. Sogea mita tano karibu, au badilisha choki, au jaribu boksi jingine. Hasa kwa .410 ndefu ya inchi 3 utaona jambo hili: marisau yamepangwa kwa mrundo mrefu ndani ya mtutu mwembamba, yale ya chini yanabondeka yakisukumwa, na punje iliyobondeka haiendi moja kwa moja. Mara nyingi ile fupi, yenye punje chache lakini ngumu zaidi, huchora picha safi kuliko ndefu.

Tazama pia duara limeangukia wapi. Karatasi zote tano zikiwa na duara upande mmoja wa nukta, tatizo ni kitako kutokukukaa vizuri. Mwone fundi. Risasi haina kosa hapo.

Umbali ambao karatasi tano zote zimepita mtihani ndio mpaka wako. Uandike. Kwangu ni mita 33 kwa geji 20, 28 kwa geji 28, na 20 kwa .410.

Hatua ya tano: visahani

Kisahani cha udongo, ile shabaha inayorushwa hewani, ambacho kwa kweli ni lami na unga wa chokaa, kina upana wa milimita 110. Huvunjika kwa punje mbili tatu, kwa hiyo punje ndogo zinafaa: milimita 2 hadi 2.3. Mchezo wa skiti, uliozaliwa Massachusetts miaka ya 1920, huko Marekani hushindaniwa kwa geji 12, 20, 28 na .410, kila moja na daraja lake, na mapigo yake mengi ni ya karibu mita 20. Hapo mtutu mwembamba ni furaha tupu. Katika mchezo mwingine, trapu, kisahani hukimbia kwenda mbele na mara nyingi hupigwa kikiwa kimevuka mita 30, na hapo geji 20 ndiyo ya mwisho ninayoweza kukushauri. Ukiwa na bunduki inayojijaza yenyewe, zijaribu risasi nyepesi kwanza. Baadhi hazina nguvu ya kuisukuma mashine yake.

Shambani kirushio cha mkono kinatosha. Okota vipande vyote baada ya kumaliza. Lami ile ni sumu kwa nguruwe, na Uganda vijiji vingi vina nguruwe wa mtu.

Hatua ya sita: nyikani

Kwa kukadiria, punje ya madini ya risasi huruka takriban mita 80 kwa kila milimita ya upana wake. Ya 2.4 inafika karibu mita 190, ya 2.8 karibu 225. Mfugaji wa Nyabushozi na ng'ombe wake wanaweza kuwa nyuma ya mstari mmoja tu wa miiba. Usipige chini, usipige kupitia kichaka, na subiri anga liwe nyuma ya ndege.

Baada ya mvua za Machi hadi Mei nyasi zinakuwa ndefu na kwale hukaa mpaka umkaribie kabisa. Huruka karibu, na geji 28 yenye mbano mdogo inatosha sana. Kiangazi nyasi zikishaliwa, kanga wanakuona mapema na kukimbia. Wakivuka mpaka ulioandika, shusha bunduki. Aliyedondoka mfuate mara moja kabla ya kupiga mwingine, ukiweka alama ya mti ulio nyuma yake. Okota maganda na vizibo vya plastiki pia, kwa sababu mfugaji ambaye tayari kaveera, mfuko wa plastiki, linamuulia ng'ombe hatakukaribisha mara ya pili.

Risasi zako usiziache kwenye dashibodi. Joto hupandisha shinikizo la baruti, na unyevu wa msimu wa mvua hutia shaba kutu ya kijani na kuvimbisha maganda ya karatasi. Sanduku kavu lenye kufuli, mbali na bunduki. Iliyovimba au kuota kutu irudishe kwa muuzaji mwenye leseni au polisi, usijaribu kuimaliza kwa kuipiga.

Nyumbani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kisha mpapase ndege kwa vidole kabla hajakatwa. Penye tundu, kata nyama ya pembeni uitupe pamoja na punje na manyoya yaliyovutwa ndani. Fanya hivyo kabla ya limau, siki au nyanya kugusa nyama, kwa sababu uchachu huyeyusha madini ya risasi yakaingia kwenye mchuzi. Akishakuwa safi, kanga ni nyama ngumu. Mfungie kwenye majani ya ndizi na mchuzi wa karanga kama luwombo, na umwache kwenye mvuke saa tatu.